Leta Isimame Mpakani

Faida wangu,

Umelala umenipa mgongo, na hata mgongo wako unaonyesha kwamba bado umenikasirikia. Sawa. Mimi pia nimekukasirikia, kwa hiyo hatudaiani. Asubuhi utapanda meli ya Bukavu uende kusomea kazi ya kupima ardhi, na ukimaliza unataka kurudi hapa Goma uwe mtu wa kadastre. Yaani mtu wa Leta, wa serikali. Binti wa mwanamke aliyeikimbia Leta maisha yake yote anakwenda kujiunga nayo kwa miguu yake mwenyewe, tena nauli nimetoa mimi!

Sitakuandikia habari za kufua, za kupika, wala za wavulana. Hayo unayajua, na usiyoyajua yatakufundisha yenyewe. Nakuandikia kwa sababu ya swali lako la jioni.

Nakubali kwamba nilianza mimi. Bugali ilikuwa bado inatoa moshi, samaki wadogo, sambaza, hawajaguswa, nami nikasema, "Ukikuwa mutu wa Leta, usiniite tena mama." Wewe ukarudisha tonge kwenye sahani, ukaniangalia usoni, ukauliza, "Mama, na ile parsele yetu, nani aliikula? Ni Leta, ao ni weye?"

Niliinuka nikaanza kuosha sahani ambazo watu walikuwa bado wanazilia. Papa Bahati, aliyekuwa akila nasi, alibaki na samaki mkononi, maskini, hajui amweke wapi. Baadaye, ulipokwenda kufunga mzigo wako, aliniambia polepole, "Mama Faida, mutoto ameuliza swali ya mutu mukubwa. Umujibu." Basi nakujibu, na unisome mpaka mwisho kabla ya kuanza kubishana na karatasi.

Babu yako, baba yangu, alikuwa akituchekesha kwa habari za hilo jina. Alisema Wabelgiji walikuja na neno lao la Kifaransa la kuita serikali, l'État, na watu wetu walipolisikia wakaelewa "leta." Wakasema, kumbe huyu bwana anajitambulisha kwa kazi yake! Leta kuku, leta mahindi, leta mgongo wako ubebe mzigo. Wabelgiji wakaenda zao, jina likabaki, na kazi ikabaki na jina. Tulikuwa tunacheka sana, pale kwetu Masisi, kabla hayajawa mambo ya kucheka.

Mimi nililisikia neno hilo miaka yote ya biashara ya maharage. Unajua njia ya Rutshuru. Kila mahali palipo na kona pana kamba iliyokatiza njia, na penye kamba pana kijana mwenye bunduki. Leo amevaa kofia ya serikali, mwaka kesho ya waasi, mwaka unaofuata hujui ni ya nani na ni vizuri usiulize. Siku moja, karibu na Kibati, mmoja aliniambia, "Mama, leta kidogo." Nikamwuliza, "Kidogo ya nini?" Akasema, "Ya barabara." Nikamwonyesha chini, "Barabara gani? Haya mashimo?" Akafikiri, akasema, "Basi leta ya mashimo." Nikalipa ya mashimo. Mkono mtupu haulambwi, na mbele ya bunduki hata mkono uliojaa haulambwi, unamwagwa tu.

Ndiyo maana nikawa nilivyo. Mwalimu wako tulimlipa sisi wazazi. Paa la shule tulilipiga misumari sisi. Nilipokuzaa, hospitali ilinizuia kwa deni mpaka shangazi zako walipouza mbuzi. Nikasema, kama kila kitu nakifanya mwenyewe, basi huyu Leta aniache. Asinisaidie, asinijue, asijue hata mlango wangu uko wapi. Na bado nasema hivyo, Faida. Usije ukadhani barua hii ni ya mwanamke aliyeokoka.

Sasa parsele, kile kiwanja chetu.

Vita vilipotutoa Masisi, baba yako alibaki nyuma kuwapitisha ng'ombe njia ya juu. Wewe ulikuwa mgongoni mwangu. Tulikubaliana tukutane Sake, na mpaka leo hatujakutana. Hilo unalijua, silirudii. Nilifika Goma na kitenge na wewe, nikaanza kwa kuuza maharage kwa vikombe, kisha kwa ndoo, kisha kwa magunia. Nilipopata nguvu nikanunua kiwanja upande wa mlimani, kwa huyu huyu Papa Bahati, aliyekuwa na shamba kubwa huko na moyo mwepesi wa kuuza.

Tulinunua kama watu wanavyonunua kwetu. Nilileta kasiksi, mitungi miwili ya pombe ya ndizi iliyoiva vizuri, majirani wakaja, tukatembea wote kuzunguka kiwanja, na kila tulipofika kona Papa Bahati alichomeka tawi la muyenzi. Tulipomaliza watu wakanywa, na kwa kunywa wakawa mashahidi. Wewe umekulia mjini, labda huoni uzito wake. Muyenzi haufi. Ukikata tawi ukalichomeka hata kwenye changarawe, linashika. Ng'ombe hawaligusi kwa sababu ya utomvu wake unaochoma macho. Kule vilimani mtu akisogeza miyenzi ya jirani, jina lake linaoza kabla yeye hajafa. Wazee wetu walikaa hivyo vizazi na vizazi bila ofisi, na nilikuwa naona fahari kwamba na mimi nimeweza.

Na hapa ndipo nataka usikilize vizuri. Siku ile ile, pombe ikiwa bado mtungini, Papa Bahati mwenyewe aliniambia, "Mama Faida, tuite watu ya kadastre waweke borne. Ni mawe ya simenti tu, na inaandikwa ku karte, ile ramani yao." Nami nikamjibu mbele ya watu wote, "Nimwite mwizi aje kunihesabia kuku?" Watu walicheka mpaka wakamwaga pombe. Nilipenda sana kile kicheko. Nililirudia jibu hilo sokoni mwaka mzima.

Jirani yetu wa upande wa chini, Mama Jeanne, mume wake aliwaita. Watu wa kadastre walikuja, wakala kuku wake kweli, wakadai na soda, wakachimbia mawe manne ya saruji kwenye kona zake. Nilikuwa nimesimama nyuma ya miyenzi yangu nikimcheka.

Halafu mlima wa moto ukapasuka. Wewe ulikuwa mdogo lakini hujasahau mbingu nyekundu, na jinsi tulivyovuka mpaka kwenda Gisenyi na umati, na sufuria kichwani kwangu ikiwa na maharage nusu mbichi. Tuliporudi hapakuwa na mtaa. Mawe meusi kila mahali, yanafuka, kambambili zangu zikaanza kuyeyuka chini ya miguu. Nyumba haipo, njia haipo, mparachichi wa kona haupo. Na miyenzi yangu isiyokufa ilikuwa imekufa yote, haukubaki hata mzizi.

Nilimkuta Papa Bahati amesimama juu ya mawe. Tulikumbatiana, tulilia. Tulipomaliza kulia nikasema, "Yangu ilianzia hapa." Akasema, "Hapana, Mama Faida. Ilianzia pale."

Mwanangu, kwa miaka mingi nilikuambia kwamba Papa Bahati alitaka kuniibia. Sio kweli. Hakuwa mwizi, na mimi sikuwa mwizi. Mimi nilikuwa napima kwa ukuta wa kanisa uliobaki umechungulia juu ya lava, na baadaye ilijulikana kwamba ukuta ule ulikuwa wa sakristia, kule nyuma, sio wa mbele kama nilivyodhani. Yeye alikuwa anapima kwa mlima, kwa ile mikunjo ya ubavuni aliyoizoea toka utoto, na mlima wenyewe ulikuwa umepasuka ubavu. Kila mmoja aliapa, na kila mmoja aliapa kwa moyo safi. Juu ya lava hakuna hapa wala pale.

Tukawatafuta mashahidi wetu wa kasiksi. Mmoja alikufa, mmoja alibaki ng'ambo, wengine walirudi Masisi, na aliyekuwepo akasema siku ile alikunywa sana. Tukamwita mchungaji. Mchungaji alikuja, akaomba sala nzuri, kisha akaanza kukohoa, kwa sababu kiwanja chake kilikuwa safu ile ile. Mimi nikisogea, yeye naye anasogea. Kila mtu ambaye angeweza kutuamua alikuwa amesimama juu ya mawe yale yale akitafuta kona yake. Nilikasirika mpaka nikashindwa kula. Nilitaka mtu mmoja tu asiye na parsele pale!

Badala ya kumtafuta huyo, nikamtafuta askari.

Nilimfahamu kutoka barabarani, mmoja wa wale wa kamba, mpole kidogo kuliko wenzake. Nikakubaliana naye asimame pale ninaposema mimi ndipo mpaka. Niliona ni biashara kama biashara nyingine: watu wana mlinzi wa ghala, kwa nini mimi nisiwe na mlinzi wa kona? Papa Bahati alipoona bunduki, naye akaenda kuleta ya kwake. Kwa muda vijana wawili walikaa wanatazamana juu ya mawe, wanaazimana sigara, sisi tunawapikia. Kisha mlinzi wa Papa Bahati akahamishwa na kikosi chake, wa kwangu akabaki, na Papa Bahati akaacha kunisalimia. Alifunga vitu vyake akarudi kwao Rutshuru. Nilishinda. Siku hiyo nilikununulia viatu, sijui kama unakumbuka.

Askari wangu akaleta mbao. Akasema za kujikinga na mvua. Akaleta mke. Akaleta mbuzi. Nilipokwenda kumwambia, "Mukubwa, kazi imekwisha, asante," alinijibu akiwa ameketi kwenye kiti changu, "Mama, kazi ya kulinda haiishake." Kikulacho ki nguoni mwako, walisema waliotutangulia, na mimi ndiye niliyemfungulia vifungo.

Unaweza kusema, lakini alikuwa mtu wa Leta, alivaa sare. Ndiyo, sare ilikuwa ya Leta, lakini bunduki niliikodi mimi. Nimejaribu miaka yote kuitenganisha hiyo sentensi nibaki na nusu ya kwanza peke yake, na inakataa.

Na kwa nini askari hakuchukua kiwanja cha Mama Jeanne, kilichokuwa kizuri zaidi, karibu na njia? Hilo nimelificha zaidi ya yote. Kabla askari hajaleta mbao, alikuja yule mpimaji wa kadastre, mzee aliyechoka, na kile chombo chake cha miguu mitatu. Hakumwuliza mtu yeyote yake ilianzia wapi. Alianzia mbali, kwenye jiwe lililoko kilimani ambako lava haikufika, akaja akipima, akipima, mpaka akagonga msumari na kusema hapa ni kona ya Mama Jeanne. Mama Jeanne akaketi chini juu ya mawe akalia kwa sauti. Usinidhanie mjinga: mzee yule aliomba pesa ya bia, na akapewa. Kisha akanigeukia, "Na yako, mama?" Nikamwambia, "Yangu ilikuwa na miyenzi." Akasema, "Miyenzi haiko ku karte," akakunja chombo. Hakuwa na ubaya. Wewe ulikuwa umeshika kitenge changu, ukauliza anachungulia nini mule ndani, nami nikakuvuta kwa nguvu tukaondoka.

Askari aliyaona yote hayo. Alitazama upande wenye borne, akatazama upande wangu, akachagua kama mtu anavyochagua mbuzi aliyekatika kamba.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni hili. Barabarani Leta ilinila. Lakini parsele niliikula mimi, na askari akanisaidia kutafuna.

Imenichukua miaka yote hii kulisema, na nimelisema kwa karatasi kwa sababu mdomo wangu una kiburi. Papa Bahati alinisamehe kabla sijaomba. Vita vya juzi vilipowateremsha watu wa Rutshuru, wakajaa kando ya njia pale Kibati chini ya maturubai, nilikwenda kuuza maharage kambini, nikamkuta ameketi juu ya godoro lililokunjwa. Nilitaka kupita haraka. Akaniita, "Mama Faida! Tumegawana muzuri. Weye hauna, miye sina." Tulicheka mpaka watu wakadhani tumepata habari za amani. Ndipo nikamleta hapa kwenye nyumba hii ya kupanga, na ndipo wewe ulipoanza kukaa naye jioni mkichora viwanja kwenye udongo. Nilidhani ni mchezo. Kumbe mlikuwa mnanipangia njama!

Sasa unisikie, kwa sababu najua utafurahi na kuruka mbali. Nilikusikia ukimwambia Papa Bahati kwamba Leta ingefanya kazi yake, ingetupa shule, hospitali, umeme, kazi, kila kitu. Hapana, Faida. Usinipeleke huko. Aliyejifunza neno moja, leta, kwa miaka yote hii ukimpa kila kitu cha nyumba yako akishike, atakishika kweli. Maharage yangu niachie mimi. Bei niachie mimi na mnunuzi wangu. Kusali kwangu, kusuka kwangu, nani ninamkaribisha mezani, niachie.

Lakini pana kazi ambayo mimi siwezi kuifanya, na sio kwa sababu sina akili au sina pesa. Siwezi kuwa mwamuzi wa mpaka wangu mwenyewe. Papa Bahati hawezi. Mchungaji hawezi. Na mtu wa kukodi atakuwa wa aliyemkodi, kisha atakuwa wake mwenyewe. Lazima awepo mmoja ambaye ni wa sisi sote na si wa yeyote kati yetu, anayeanzia kwenye jiwe la mbali. Ninaumwa na meno nikiandika hivi. Ni hivyo hivyo na wale wataalamu wanaokaa wakiusikiliza mlima usiku na mchana ili watuonye. Nikiwalipa mimi peke yangu, mtaa mzima utakimbia kwa pesa yangu. Kila mtu akisubiri mwenzake alipe, tutaungua wote pamoja na werevu wetu. Huko nimefika. Sivuki zaidi ya hapo, na usinisukume.

Leta isimame mpakani, kati yangu na jirani. Isiingie uani. Ikiwa huko Bukavu watakufundisha vingine, waambie mama yako amekataa.

Naogopa, Faida. Hicho ndicho kilichokuwa chini ya kelele zangu zote za jioni. Siogopi kwamba utakwenda. Naogopa kwamba utarudi na kofia, na sauti yako itakuwa imebadilika, na siku moja mjane atakuletea kuku kabla hujamwomba, nawe utamchukua. Wale vijana wa kamba nao walikuwa watoto wa mama zao. Hakuna aliyewazaa waseme leta ya mashimo.

Siku utakaposimama kwenye kiwanja cha mwanamke kama mimi, atakutazama vibaya. Atakuwa na maneno makali, na majirani wa kuyachekea. Atakataa mawe yako kwa sababu amekwisha kulipa ya mashimo maisha yake yote, na anasubiri tu ulitamke lile neno. Usilitamke. Mvumilie, mwambie habari za miyenzi ya mama yako, hata kama watu watanicheka. Weka jiwe lake, kunywa maji yake akikupa, uende kwa jirani.

Watu husema asiye na mwana aeleke jiwe. Mimi nilikuwa na mwana na sikutaka jiwe, na sasa mwana anakwenda kuyatafuta mawe mwenyewe. Mungu ana utani wake.

Kwenye mfuko wako, ndani ya kile kitenge cha kijani, nimefunga tawi la muyenzi. Papa Bahati alilipata Kibati. Litafika hai, hilo halina wasiwasi. Lichomeke popote utakapokaa, lakini kwanza pima.

Na lile neno nililolisema mbele ya sambaza nalirudisha, nalimeza na miiba yake. Uniite mama. Uniite kesho bandarini mbele ya watu, kwa sauti, na uniite siku utakaporudi na kofia ya Leta kichwani. Nitaitika.

Mimi,
Mama Faida